Nyuzi 20 Zilizokuwa Chini ya Kofia ya Prosesa

Kompyuta ikichemka, wazo la kwanza la mtu huwa ni feni. Wateja wangu wengi hapa Kabwe, Mbeya, hufika wakiwa wameshaamua: "Fundi, niwekee feni kubwa." Siku hizi feni naigusa mwisho. Naiwasha mashine, naipa kazi nzito, kisha nashika hitisinki, lile pande la metali lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, kwa vidole huku macho yakiwa kwenye namba za joto. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikisoma nyuzi 95 na hitisinki iko vuguvugu tu, feni haina kosa. Inaondoa kila inacholetewa. Tatizo liko katika milimita chache zilizopo kati ya chipu na hitisinki, na hapo hata ukileta feni ya kupepeta mpunga hutapata kitu.

Vidole hivyo ndivyo vilivyonifikisha kwenye kazi ninayotaka kuieleza: kubandua kofia ya prosesa, lile bati la juu, kusafisha kilicho chini yake, kuweka kitu bora zaidi, na kuirudisha mahali pake. Ni kazi ya kutia hofu. Unashika kifaa cha gharama, cha mtu mwingine, na kukivunja gundi ya kiwandani kwa makusudi. Lakini ukishaelewa joto linapita wapi, hofu inapungua na hesabu inachukua nafasi.

Aliyenisukuma ni kijana anayehariri video za kwaya na harusi, ana ofisi yake Mwanjelwa. Mashine yake ilikuwa na Intel Core i7-7700K, aliinunua imetumika huko Dar es Salaam ikaja kwa basi. Prosesa hiyo ilitoka Januari 2017: viini 4, kasi ya msingi gigahezi 4.2, ikijisukuma yenyewe hadi 4.5, na kiwango cha joto cha kiwandani ni wati 91. Herufi K ya mwisho maana yake kizidishio, ile namba inayopanga kasi, hakijafungwa, na mazabodi yake ilikuwa ya Z270, aina inayoruhusu kukibadili, kwa hiyo mlango wa ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, ulikuwa wazi pande zote mbili. Shida yake ilieleweka. Kwaya moja hurekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo, kila wimbo una kamera tatu au nne, kurenda, yaani kompyuta kuitoa video iliyokamilika, kunakwenda usiku kucha, na asubuhi mwalimu wa kwaya yuko mlangoni. Kununua prosesa mpya kungemlazimu kununua na mazabodi mpya, na pengine ramu mpya juu yake.

"Kaka, hii hii niliyonayo haiwezi kukimbia zaidi?" aliniuliza.

Ilikuwa inaweza. Nilipoipandisha hadi gigahezi 4.8 kwa volti 1.28, ilisimama imara, lakini kiini kimoja kilisoma nyuzi 97 na kingine 86. Prosesa hii ikigusa nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika 4.8 kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi, akajisifu kwa wenzake, na kazini asiipate hiyo 4.8 hata kidogo. Hitisinki yake haikuwa mbaya: mabomba manne ya shaba, mapezi mengi, feni safi. Niliishika. Vuguvugu.

Kuna dalili nyingine ninayoiamini zaidi hata ya vidole, nayo ni mwendo wa namba. Anzisha jaribio zito huku ukiangalia joto. Kama namba inaruka nyuzi 30 au 40 ndani ya sekunde moja, na ukisimamisha jaribio inaanguka kwa kasi hiyohiyo, basi kizuizi kiko karibu sana na chipu, mahali pasipo na uzito wa kuhifadhi joto. Kama namba inapanda polepole kwa dakika kadhaa na hitisinki inazidi kuwa ya moto, kizuizi kiko mbele: hitisinki ndogo, vumbi, feni dhaifu, au kasha la kompyuta lisilopitisha hewa. Dalili hizi mbili zinatenganisha magonjwa mawili ambayo watu huyatibu kwa dawa moja. Mashine ya yule kijana ilikuwa inaruka.

Sasa twende chini ya kofia. Prosesa unayoiona, lile bati la kung'aa lenye maandishi, siyo chipu. Ni kofia ya shaba iliyopakwa nikeli. Chipu yenyewe ni kipande kidogo cha silikoni kilichokaa katikati, juu ya kibodi cha kijani, yaani kibao chembamba chenye njia za umeme. Zamani haikuwa hivyo. Athlon XP, prosesa za kampuni ya AMD za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa wazi, chipu inaonekana, na pembeni viliwekwa vipande vinne vya sponji ili hitisinki isikae upande. Mtu akibana vibaya, kona ya silikoni ilimeguka na prosesa ikafa papo hapo. Kofia ilikuja kulinda chipu na kutandaza joto lake kwenye eneo kubwa. Ni kitu kizuri, siisemi vibaya.

Swali ni kofia inagusana na chipu kwa kitu gani. Prosesa za Intel za Sandy Bridge, za mwaka 2011, kofia ilichomelewa moja kwa moja kwenye chipu. Zilipokuja Ivy Bridge mwaka 2012, mchomeleo ukaondoka, ikawekwa pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto. Hali ikaendelea hivyo kwa prosesa za kawaida za mezani hadi i7-8700K ya Oktoba 2017, na mchomeleo ukarudi kwenye i9-9900K ya Oktoba 2018. Kuchomelea chipu ndogo kuna ugumu wake: shaba inatanuka kwa joto zaidi ya mara sita ya silikoni, na kila mara mashine inapopata moto na kupoa, mchomeleo ulio katikati unavutwa huku na huku. Pesti inanyumbulika, haipasuki. Gharama yake ni kwamba haipitishi joto kama metali.

Na kuna jambo ambalo watu waliozifungua Ivy Bridge mwaka ule walilikuta, nami naona ndilo kiini cha somo zima. Mara nyingi pesti peke yake haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa nafasi. Kofia imeshikiliwa kwenye kibodi kwa mstari wa gundi nyeusi ya silikoni (hii ni ile ya mpira, siyo silikoni ya chipu) kuzunguka ukingo, na gundi ile ina unene wake. Inainyanyua kofia kidogo, na pesti inajaza pengo linalobaki. Pengo likiwa kubwa, hata pesti nzuri inakuwa ukuta.

Hesabu yake ni rahisi na naomba uifuate, kwa sababu ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukata. Chukua chipu yenye eneo la milimita za mraba 120, ambalo ndilo takribani eneo la chipu hizi za viini vinne. Pitisha wati 100. Weka katikati pesti yenye uwezo wa kupitisha joto wa wati 4 kwa mita kwa nyuzi, unene wake sehemu moja ya kumi ya milimita. Tofauti ya joto kati ya upande wa chini na wa juu wa pesti hiyo inakaribia nyuzi 21. Nyuzi 21 zinazopotea kwenye utando usioonekana kwa macho! Punguza unene uwe nusu, bila kubadili pesti, na nyuzi 10 zinaondoka. Badili pesti kwa metali ya kimiminika yenye uwezo wa wati 40, unene sehemu tatu ya mia ya milimita, na tofauti inashuka chini ya nyuzi moja.

Anayesafiri kati ya Dar na Mbeya anaijua Kitonga. Barabara inaweza kuwa nzuri kabla ya mlima na baada ya mlima, lakini malori yanapanda moja moja, na foleni inajengeka chini. Malori yote yanafika Iringa mwishowe, idadi ileile kwa siku. Kinachobadilika ni urefu wa foleni huko nyuma. Joto la prosesa ni foleni hiyo. Wati zote zitafika kwenye hitisinki, hazina pa kwenda pengine, lakini chipu inalazimika kupanda hadi nyuzi 97 ndipo ziweze kusukumwa kupita. Kuongeza feni ni kupanua barabara ya Iringa mjini.

Kabla ya kukata niliona nipime kwanza hali yetu ya hapa, maana namba nyingi zinazosambaa zinatoka kwenye vyumba vya nchi nyingine. Mbeya iko kwenye takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Watu wanafikiri baridi yetu ni zawadi tupu kwa kompyuta. Ni zawadi, ila si tupu. Hewa ya huku ni nyepesi: kwa joto lilelile, ina uzito pungufu wa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Ndiyo maana maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yanatuweka jikoni. Feni inazunguka kasi ileile, inasukuma ujazo uleule, lakini hewa inayobeba joto ni kidogo. Hivyo hitisinki inafanya kazi vibaya kidogo kuliko ingefanya Dar es Salaam. Faida yetu iko kwenye chumba: nyuzi 19 badala ya 30. Ukipiga hesabu, tunabaki na faida, lakini ndogo kuliko anavyodhani mtu anayejifunga blanketi mwezi wa sita. Ninaandika joto la chumba kila ninapopima. Namba ya prosesa bila ya chumba haina maana yoyote.

Kubandua. Zipo njia tatu ninazozijua. Ya kwanza ni wembe, unaupenyeza chini ya ukingo na kukata gundi taratibu. Niliwahi kuletewa i7-3770K iliyofunguliwa hivyo na mtu mwingine. Wembe ulizama ndani kidogo zaidi ya inavyotakiwa, ukakata njia za umeme zilizo chini tu ya rangi ya kibodi. Haikuwaka tena, na hakuna wa kuiokoa. Ya pili ni jiliwa na nyundo: unabana kofia kwenye jiliwa na kugonga kibodi kwa kipande cha mbao hadi kichomoke. Watu wengi walifanikiwa nayo enzi za Ivy Bridge na kizazi kilichoifuata, Haswell. Lakini kuanzia Skylake ya mwaka 2015 kibodi ni chembamba zaidi, na nyundo haina huruma na kitu chembamba.

Njia ya tatu ndiyo niliyoichagua: kusukuma. Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer ndiye aliyeipa umaarufu kwa kifaa chake. Kibodi kinakaa kwenye shimo linalokitosha sawasawa, na bolti inasukuma kofia pembeni polepole mpaka gundi inakatika yenyewe. Hakuna kisu kinachoingia ndani. Wazo ni jepesi kiasi kwamba nilipima prosesa iliyokufa, kibodi chake ni mraba wa milimita 37.5, nikapeleka mchoro kwa fundi wa kuchonga vyuma pale SIDO, shirika la viwanda vidogo. Alinichongea vipande viwili, kitako na kisukumio, na bolti yenye meno madogo. Meno madogo yana maana: kila robo mzunguko inasogeza kidogo sana. Nilianza na prosesa zilizokufa mpaka mkono ukazoea ule mlio wa gundi inapoachia.

Kofia inahitaji kusogea kidogo tu. Gundi ikishalia, unasimama, unalegeza, na kuinyanyua kwa vidole. Ukiendelea kusukuma, ukingo wa ndani unaweza kufika kwenye chipu au kwenye vipande vya umeme vilivyo pembeni yake. Haswell wana vipande vidogo vilivyosimama jirani kabisa na chipu, kwa hiyo mwelekeo wa kusukumia unauchagua ukijua viko upande gani.

Ya yule kijana ilifunguka salama. Pesti iliyokuwa ndani ilikuwa imekauka, na upande mmoja wa chipu ilikuwa nyembamba kuliko mwingine. Hiyo ndiyo iliyoeleza kwa nini kiini kimoja kilisoma 97 na kingine 86. Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli anatazama, hasemi.

Kusafisha kunachukua muda mrefu kuliko kubandua, na sikubali kukuharakisha. Pesti inatoka kwa spiriti na pamba. Gundi nyeusi ndiyo kazi. Naikwangua kwa kadi ya zamani ya benki, plastiki kwa sababu haikwaruzi kibodi, kisha narudia kwa spiriti mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Ukingo wa kofia nao vilevile. Kumbuka ile nafasi: gundi yote inayobaki pale inarudisha pengo uliloenda kuliondoa. Mtu anayenunua metali ya bei na kuacha gundi ukingoni amenunua nusu ya kazi.

Metali ya kimiminika yenyewe ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati. Galiamu peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 29.76, kwa hiyo hapa kwetu ingekaa mezani ikiwa imeganda karibu mwaka mzima. Ikichanganywa na hizo nyingine mbili inayeyuka kwenye joto la chini zaidi, kwa hiyo ndani ya chumba inabaki maji. Inapitisha joto mara kadhaa zaidi ya pesti ya kawaida. Lakini ina tabia mbili ambazo lazima uziheshimu. Kwanza, inapitisha umeme. Tone likidondoka kwenye mazabodi ni shoti. Kwa sababu hiyo napaka rangi ya kucha kwenye kila kiungo cha umeme kilicho wazi pembeni mwa chipu, naacha ikauke, kisha napaka mkono wa pili. Ya pili, galiamu inakula aluminiamu. Inapenya kati ya chembe zake na kuifanya imeguke kwa mkono. Ni mojawapo ya sababu galiamu inahesabiwa mzigo wa hatari kwenye ndege, na ukiagiza kutoka nje inabidi uwe na subira. Shaba tupu inaifyonza polepole na kubadilika rangi. Nikeli inaivumilia, na kofia ya prosesa imepakwa nikeli, kwa hiyo chini ya kofia ndiyo nyumbani kwake hasa. Hitisinki ya aluminiamu usiikaribishe kabisa.

Kuipaka kuna ujanja mmoja. Ukiweka tone juu ya silikoni linajikunja na kukataa kutandaa, unadhani uso ni mchafu. Endelea kusugua taratibu kwa pamba ya masikio. Ghafla linashika, na chipu inakuwa kioo. Kisha fanya hivyo upande wa ndani wa kofia, eneo linaloikabili chipu tu. Kidogo mno kinatosha. Kinachozidi hakina pa kwenda ila pembeni, na pembeni ndipo penye umeme.

Kurudisha kofia nilisaidiwa na mzee mmoja fundi wa magari, jirani yangu. Nilimwendea kutafuta silikoni ya gaskiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatengeneza gari siku hizi?"

Nilimwonyesha prosesa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akauliza shaba iko wapi. Nilipomweleza, akarudisha rafuni bomba alilokuwa ameshalishika. "Hii inanuka siki. Inayonuka siki usiipeleke kwenye shaba na umeme, asidi yake inakula. Chukua hii nyingine." Alikuwa sahihi kabisa. Silikoni inayotoa harufu ya siki inapokauka inatoa asidi, na haifai kwenye elektroniki. Miaka yote ameilinda shaba ya soketi za taa za magari, akaniokolea kazi yangu kwa kunusa tu.

Siweki gundi kuzunguka ukingo wote kama kiwanda. Vitone vinne kwenye kona, vidogo, vinatosha kuishika kofia isihame. Kinachoikandamiza kweli ni lachi ya soketi na hitisinki. Nikishaweka prosesa kwenye soketi, naishikilia kofia kwa kidole wakati nafunga lachi, kwa sababu chuma cha soketi kinaisukuma pembeni kinapokaza. Halafu naiacha humo, imebanwa, mpaka kesho yake. Kwenye baridi ya huku silikoni inakauka polepole, na mwezi wa Juni na Julai naongeza siku.

Watu huniuliza kwa nini nisiiache prosesa bila kofia kabisa, hitisinki ikagusa chipu moja kwa moja, nikaokoa na milimita za shaba. Kwenye soketi hizi za Intel, lachi inabana kofia. Ukiiondoa hakuna kinachoishikilia prosesa chini, inabidi uwe na fremu maalumu. Tena urefu unapungua, hitisinki nyingi hazifiki tena chini. Na kwa wati za namna hii, faida ya ziada haitoshi kubeba hatari ya kumega kona ya chipu.

Tulipoiwasha, chumba kilikuwa nyuzi 19, jaribio lilelile, gigahezi 4.8 ileile, volti 1.28 zilezile. Kiini cha moto zaidi kilisoma 76. Tofauti kati ya viini ikawa nyuzi 4. Nikaishika hitisinki: vuguvugu ileile. Hapo ndipo nilipotaka yule kijana naye aishike. Wati zinazopita hazijabadilika, hitisinki haijui kama kuna kilichotokea. Chipu tu ndiyo imeshuka nyuzi 21.

Bila shaka akataka gigahezi 5.0. Ni namba inayopendeza, naielewa. Nikamwonyesha hesabu. Joto ambalo prosesa inatoa, yaani wati zake, linakwenda na kasi, mara volteji, mara volteji tena. Kwenye 4.5 prosesa yake ilikuwa inatumia volti 1.20. Kwenye 4.8 na volti 1.28, joto linaongezeka kwa asilimia 21 hivi, kasi asilimia 7 karibu. Kwenye 5.0 prosesa yake haikutulia mpaka nilipofika volti 1.38. Piga hesabu: kasi asilimia 11 juu ya 4.5, joto asilimia 47. Volteji inazidishwa kwa yenyewe, na hapo ndipo ovakloki inapokugharimu. Prosesa nyingine ya namba hiyohiyo inaweza kuhitaji volti chache, nyingine nyingi zaidi. Hazifanani hata zikitoka kwenye boksi moja.

Tukabaki 4.8. Kwa kazi iliyokuwa ikichukua masaa 8 kwa kasi ya kiwandani, sasa ni masaa 7 na nusu. Niseme wazi, nusu saa siyo muujiza, na anayekuahidi muujiza kwa ovakloki anakudanganya. Kilichomfurahisha zaidi ni mambo mawili ambayo hakuyaomba: kasi haishuki tena katikati ya kazi, na feni imetulia kiasi kwamba anaweza kusikiliza sauti za alto bila kuvaa hedifoni.

Baada ya hapo wakaanza kuja wengine, na wengi niliwarudisha. Jamaa mmoja alisafiri kutoka Mafinga na i7-2600K mkononi. Ile imechomelewa. Mchomeleo wake ni wa indiamu, inayeyuka kwenye nyuzi karibu 157, na ukiisukuma ikiwa baridi unaweza kung'oa chipu pamoja na kofia. Zaidi ya hayo haihitaji. Njia yake ya joto tayari ni metali. Nilimbadilishia pesti ya juu, nikasafisha mapezi yaliyoziba vumbi, akaondoka na nyuzi 12 pungufu kwa bei ya chai. Ryzen nyingi, prosesa za AMD, nazo zimechomelewa, isipokuwa baadhi, kama zile za 2200G na 2400G za mwaka 2018 ambazo zina pesti.

Wenye kompyuta za ofisini zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazojaa madukani, wengi wana prosesa zisizo na K. Kizidishio kimefungwa. Hata ukiishusha joto namna gani, kasi haipandi juu ya pale kiwanda kilipoiweka. Na wenye laptopu hawana kofia ya kubandua: chipu ya laptopu iko wazi tayari, wanachohitaji ni pesti mpya na brashi.

Kwa wale ninaowafungulia, nawaomba warudi kiangazi kikiisha. Kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba vumbi letu ni jekundu na laini, linaingia kila mahali. Napima kwa jaribio lilelile, naandika joto la chumba, nalinganisha na karatasi ya mwanzo. Namba ikipanda polepole ni vumbi, brashi inatosha. Ikianza tena kuruka, ndipo nafikiria kufungua. Na ndani ya kasha, pembeni ya mazabodi, nabandika karatasi ili fundi atakayeifungua baada yangu asikute jambo asilolijua. Naandika kwa herufi kubwa: kofia ya prosesa hii ilibanduliwa, imeshikwa kwa vitone vinne tu, chini yake kuna metali ya kimiminika inayopitisha umeme, usiizungushe hitisinki kwa nguvu wakati wa kuing'oa, na usiruhusu iguse aluminiamu. Chini yake tarehe, volteji, kasi, joto la juu na joto la chumba.